Daftari la serikali au la parokia? Kutafuta rekodi ya kuzaliwa ya babu wa Ireland na jina lake lenye tahajia nyingi

Mwezi Mei 2011, Barack Obama alipotembelea Moneygall, kijiji kidogo cha kaunti ya Offaly nchini Ireland, alikuwa anawarudia watu wa upande wa mama yake. Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu, aliondoka hapo mwaka 1850 akaelekea Marekani, na vizazi kadhaa baadaye uzao wake ukakutana na uzao wa Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba yake Obama nchini Kenya. Akihutubia umati mjini Dublin siku ileile, rais huyo alitania kwamba amekuja kuitafuta ritifaa (ile alama ya ') iliyopotea njiani katika jina lake. Msomaji wa Kisumu au Musoma hahitaji kuelezwa kwamba O ya Obama ni ya Kijaluo na haina undugu na O ya O'Brien, lakini mzaha ule uligusa shida ya kweli: majina ya ukoo ya Ireland hupoteza vipande vyake na kurudishiwa kila yanapopita mikononi mwa karani mpya, na anayetafuta rekodi ya kuzaliwa kwa tahajia moja tu anaweza kumkosa babu ambaye yuko palepale kwenye ukurasa.

Uhusiano wa Moneygall na familia ya Kearney ulipojulikana mwaka 2007, kumbukumbu zilizosaidia zilikuwa za kanisa la Kianglikana la eneo hilo, ambazo mchungaji wake Stephen Neill alizipekua. Hazikuwa vyeti vya serikali, kwa kuwa Falmouth alizaliwa kabla serikali haijaanza kuandikisha vizazi, wala hazikuwa daftari la Kikatoliki, ingawa wengi wangeanza kutafuta huko. Mwaka, dini na mahali ndivyo vilivyoamua chanzo cha kutumia, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyopaswa kuamua kwa kila mtafutaji, kabla hajafikiria ada ya tovuti yoyote. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya wale ambao swali hili si la udadisi tu: mwenye bibi au babu aliyezaliwa kisiwani Ireland na anayetaka kuomba uraia wa nchi hiyo, au mzazi anayetaka kuwajulisha wanawe upande wa pili wa nasaba yao.

Mstari wa mwaka 1864

Usajili wa lazima wa vizazi, vifo na ndoa zote nchini Ireland ulianza tarehe 1 Januari 1864. Kabla ya hapo, kuanzia 1 Aprili 1845, serikali ilikuwa ikiandikisha ndoa zisizo za Kikatoliki pekee. Kwa hiyo, aliyezaliwa mwaka 1870 anaweza kutafutwa serikalini na kanisani, ilhali aliyezaliwa mwaka 1855 hana ila kanisa, na hakuna kiasi cha fedha kitakachobadilisha hilo. Nimewaona watu wakilipia tovuti za kibiashara miezi mitatu mfululizo wakitafuta cheti cha mtu wa miaka ya 1840, cheti ambacho hakikuwahi kuandikwa.

Kwa waliozaliwa baada ya mstari huo, daftari la serikali lina faida kubwa ya kuwa bure. Tovuti ya irishgenealogy.ie, inayoendeshwa na serikali ya Ireland, inaonyesha picha za kurasa zenyewe kwa vizazi vilivyotimiza miaka 100, ndoa zilizotimiza miaka 75 na vifo vilivyotimiza miaka 50. Ukurasa wa kizazi hutaja tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la mtoto kama alikwishapewa, jina la baba na makazi yake, jina la mama pamoja na jina la kwao kabla ya kuolewa, kazi ya baba, na aliyetoa taarifa, ambaye mara nyingi ni mama mwenyewe, nyanya au jirani aliyekuwapo wakati wa kujifungua. Palipo na alama ya msalaba badala ya saini, utajua kwamba mtoa taarifa hakujua kuandika, na kwa hiyo tahajia ya jina unayoisoma ni ya msajili, aliyeliandika kama sikio lake lilivyolisikia.

Udhaifu wa daftari hili hausemwi vya kutosha. Kwanza, katika miaka ya mwanzo wazazi wengi hawakwenda kuandikisha kabisa. Pili, waliochelewa walikabiliwa na faini, na baadhi yao waliisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa ili mtoto aonekane yungali ndani ya muda wa kisheria. Ndiyo maana si ajabu kumkuta mtoto aliyebatizwa wiki mbili kabla ya siku ambayo serikali inasema alizaliwa. Ukikuta mgongano wa namna hiyo, mimi ningeliamini daftari la padri. Tatu, picha zinazoonekana mtandaoni ni za nakala zilizopelekwa Dublin, wakati daftari halisi lilibaki kwa msajili wa wilaya. Karani aliyenakili aliweza kuigeuza herufi moja, na kosa lake ndilo lililoingia kwenye faharasa ya taifa. Nne, faharasa inataja wilaya ya usajili tu, na wilaya hizo zilichorwa kufuata mipaka ya vyama vya kuwahudumia maskini, ambavyo havikujali mipaka ya kaunti. Wilaya ya Roscrea, ambayo mji wake uko Tipperary, ilimeza pia vitongoji vya kaunti jirani. Usimtupe mtu kwa sababu tu wilaya yake inaonekana kuwa ya kaunti ngeni.

Kwa kaunti sita za kaskazini kuna chaguo la pili. Ireland ya Kaskazini ilipojitenga kiutawala, usajili wake ulihamia Belfast, na ofisi ya msajili mkuu huko, GRONI, ina huduma yake ya mtandaoni ambayo hutoza kila unapofungua rekodi. Wengi hudhani kwamba babu wa Antrim au Tyrone lazima alipiwe. Sivyo: vizazi vya kaunti hizo tangu 1864 hadi mwisho wa 1921 viliandikwa katika mfumo mmoja wa kisiwa kizima, na picha zake zinapatikana bure kwenye irishgenealogy.ie. Basi ningetafuta bure kwanza, kisha ningelipia Belfast kwa sababu mbili tu: kizazi cha 1922 na kuendelea, au mashaka juu ya tahajia, kwa kuwa daftari walilo nalo Belfast ni lile la wilaya lenyewe, si nakala. Kwa jina lililosomeka vibaya, tofauti hiyo ina thamani kuliko ada.

Madaftari ya parokia: picha au maandishi yaliyonakiliwa?

Aliyevuka mstari wa 1864 kurudi nyuma anaingia kanisani, na hapo uchaguzi unakuwa mgumu zaidi, kwa sababu madaftari yaleyale yanapatikana kwa sura tatu zinazotofautiana sana.

Sura ya kwanza ni picha tupu. Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka mtandaoni, Julai 2015, zaidi ya picha 370,000 za madaftari ya ubatizo na ndoa ya parokia za Kikatoliki, mengi yakiishia takriban mwaka 1880. Ni bure na hakuna kujiandikisha. Ila huwezi kuandika jina ukasubiri majibu; unachagua parokia kwenye ramani, unafungua daftari, kisha unasoma ukurasa baada ya ukurasa mwandiko wa padri, mara nyingi kwa Kilatini, juu ya karatasi iliyoliwa na unyevu. Asiyejua parokia hatafika popote. Anayeijua parokia na miaka mitano ya kutafuta atamaliza kazi kwa jioni mbili tatu, na atakuwa ameona mambo ambayo faharasa haikuyachukua: kitongoji kilichoandikwa pembeni, neno kwamba wazazi hawakuwa wameoana, na majina ya wasimamizi wa ubatizo, ambao kwa kawaida walikuwa ndugu na ndio wanaotofautisha familia mbili zenye majina yaleyale katika parokia moja.

Sura ya pili ni maandishi yaliyonakiliwa na vituo vya urithi vya kaunti, yaliyokusanywa katika tovuti ya RootsIreland. Hiyo hulipiwa, kwa siku, kwa mwezi au kwa muda mrefu zaidi, na haionyeshi picha. Ubora wake ni kwamba walionakili walikuwa wenyeji: aliyekulia Mayo anapoona mkwaruzo unaofanana na jina la kijiji chake, anajua ni kijiji kipi, wakati mgeni angebuni. Vilevile inakuruhusu kutafuta kwa majina ya wazazi wote wawili, imekusanya tahajia mbalimbali za jina moja chini ya kundi moja, na katika kaunti kadhaa ina madaftari ya Kianglikana na ya Kipresbiteri pamoja na ya Kikatoliki. Upungufu wake ni kwamba haikuenea kisiwa kizima kwa usawa. Kwa Kerry, jiji la Dublin, na dayosisi ya Kikatoliki ya Cork na Ross, maandishi ya ubatizo yako bure kwenye irishgenealogy.ie, kwa hiyo kulipia kabla ya kuangalia huko ni kupoteza fedha.

Sura ya tatu ni faharasa za kampuni kubwa, Findmypast na Ancestry, ambazo mwaka 2016 zilichapisha faharasa ya majina iliyotokana na zilezile picha za Maktaba ya Taifa. Zinatafuta kisiwa kizima kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo ni tunu kwa asiyejua hata kaunti. Lakini zilisomwa na watu waliokuwa mbali na vijiji hivyo, na majina ya mahali na ya koo yamekosewa mara nyingi. Mimi huzichukulia kama mwenge wa kumulika ni parokia ipi ya kuchunguza, kisha hurudi kwenye picha. Jibu la faharasa ambalo halijahakikishwa kwenye picha nisingeliweka katika nasaba ya mtu.

Tofauti ya dini nayo inaleta uamuzi wake. Madaftari ya Wakatoliki yalibaki mikononi mwa mapadri, na ndiyo maana yamesalia kwa wingi, ingawa umri wake unatofautiana: katika miji na mashariki mengi yanaanza karne ya 18, lakini magharibi, kwa mfano Mayo na Donegal, parokia nyingi hazina kitu kabla ya miaka ya 1830, na nyingine huanza baadaye zaidi. Madaftari ya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana, yalihesabiwa kuwa nyaraka za umma baada ya kanisa hilo kuondolewa katika hadhi ya kanisa la taifa, na parokia nyingi ziliyapeleka katika hifadhi ya taifa jijini Dublin kwa ajili ya usalama. Hifadhi hiyo ilikuwa katika jengo la Four Courts, lililolipuka na kuungua tarehe 30 Juni 1922 mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Yaliyopelekwa kwa usalama yaliteketea, na yale ambayo wachungaji walikataa kuyatoa, au waliyanakili kwanza, yakapona. Mwenye babu wa Kianglikana ataanzia Dublin katika maktaba ya kanisa hilo, inayotunza orodha ya yaliyosalia. Mwenye babu wa Kipresbiteri ataanzia Belfast, katika hifadhi ya nyaraka ya PRONI, iliyokusanya nakala za makanisa ya madhehebu mbalimbali ya kaskazini.

Jina moja, tahajia kumi

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, na hapa ndipo nitakaa zaidi. Msomaji wa Kiswahili ana mahali pazuri pa kuanzia, maana anajua kwamba Ramadhani wa Tanga na Ramazani wa Kindu wana jina moja, na kwamba kaka wawili wa baba mmoja wanaweza kuwa na Mohamed na Muhammad kwenye vitambulisho vyao bila mtu yeyote kushangaa. Majina ya Ireland yamepitia hali hiyohiyo kwa nguvu zaidi, kwa sababu yalizaliwa katika Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, yakaandikwa na makarani waliosikia Kiingereza, na kwa upande wa kanisa yakavalishwa Kilatini.

Badiliko la kwanza ni la kiambishi. Ó katika Kigaeli maana yake ni mjukuu au mzao, na Mac ni mwana. Katika karne za 17 na 18, chini ya utawala wa Waingereza, watu wengi waliviacha viambishi hivyo, na mwishoni mwa karne ya 19, harakati za kuhuisha Kigaeli zilipopamba moto na Umoja wa Kigaeli ulipoanzishwa mwaka 1893, wengi wakavirudisha. Matokeo yake ni kwamba babu anaweza kubatizwa Sullivan mwaka 1868, kuoa akiwa Sullivan mwaka 1894, na kuhesabiwa O'Sullivan katika sensa ya 1911. Hakuna aliyebadilisha ukoo. Tafuta kwa kiambishi na bila kiambishi, kila mara, bila kujali familia yako inaandikaje leo. Kwa wanawake, Kigaeli kina Ní na Nic kwa binti badala ya Ó na Mac, ila hayo utayakuta zaidi katika fomu za sensa zilizojazwa kwa Kigaeli na familia zenye msimamo wa kitaifa.

Badiliko la pili ni la sikio. Ó Catháin limezaa O'Kane, Kane, Keane na O'Cahan. Ó hEachthigheirn limezaa Ahern, Aherne, Hearn na Hearne. Ó Dochartaigh limekuwa Doherty, Dogherty, Dougherty, na huko Uskoti Docherty. Kearney wa Moneygall angeweza kuandikwa Carney na karani wa meza ya pili. Katika rekodi za familia moja utakuta tahajia tatu za namna hii kwa watoto wanne, na si dalili ya kosa. Kwa watu ambao hawakuwa wakiandika, jina lilikuwa sauti.

Badiliko la tatu ni la tafsiri, na hili ndilo gumu kuliko yote kwa kuwa hakuna mashine inayolikamata. Mac Gabhann ni mwana wa mhunzi. Wengine walilibakiza kama McGowan. Wengine, hasa katika kaunti ya Cavan, walilitafsiri wakawa Smith. Mac an tSaoir, mwana wa fundi, limekuwa McAteer, McIntyre na Carpenter, na pia Freeman, kwa sababu neno saor katika Kigaeli lina maana ya fundi na ya mtu huru, na mtafsiri akachukua maana isiyo yake. Familia iliyofika Marekani ikiitwa Smith inaweza kuwa iliacha binamu nyumbani wanaoitwa McGowan, na hakuna faharasa itakayokuambia hivyo. Hapa kinachosaidia ni kujua kijiji, kisha kuangalia ni majina gani yalikuwa pale.

Majina ya kwanza nayo hayakusalimika. Padri aliyeandika Kilatini alimwita James Jacobus, William akawa Gulielmus, na Bridget akawa Brigida. Nje ya kanisa, Bridget huyohuyo alijulikana kwa Biddy, Bridie, Delia au Bedelia, na wengi waliohamia Marekani walipendelea Delia. Honora hugeuka Nora, Hanora na hata Hannah. Kusini, Jeremiah lilitumika kama mbadala wa Diarmaid, ambalo pia hugeuzwa Darby na Dermot, kiasi kwamba Jeremiah wa cheti cha ndoa anaweza kuwa ndiye Darby wa daftari la ubatizo.

Sasa tulinganishe zana za kutafutia. Kutafuta kwa tahajia kamili ni kuzuri tu pale ambapo jina ni adimu na umekwisha kuiona tahajia hiyo katika rekodi nyingine ya wilaya ileile. Njia ya Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 na bado ikitumika katika tovuti nyingi, huweka herufi ya kwanza ya jina na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kwa majina ya Uingereza hufanya kazi vizuri, lakini kwa Ireland huanguka palepale ambapo mabadiliko ni mengi, yaani mwanzoni mwa jina. Kearney hupata alama K650, Carney C650, na O'Kearney O265; Ahern hupata A650 na Hearn H650. Masikio yetu yanasema ni majina mawili tu, mashine inaona majina matano yasiyojuana. Anayeitegemea Soundex pekee basi na aendeshe utafutaji wake mara moja kwa kila herufi ya mwanzo inayowezekana.

Alama ya nyota inayosimama badala ya herufi zozote, inayokubaliwa na tovuti kubwa za kibiashara, ni bora zaidi ukiitumia kwa akili: *he*rn itakuletea Ahern, Hearn na hata waliopewa O' mbele. Lakini zana ninayoipenda kuliko zote ni kuacha jina la ukoo kabisa. Andika jina la kwanza la mtoto, majina ya kwanza ya baba na mama, wilaya au parokia, na miaka mitano mitano. Tuseme unamtafuta Bridget aliyezaliwa mashariki ya Cork karibu na mwaka 1872, baba Cornelius, mama Johanna. Mseto wa majina hayo matatu hautarudisha watu wengi hata ukiacha jina la ukoo wazi, na aliyeandikwa Hearn, au aliyesomwa vibaya na kuwa Abern, atajitokeza mwenyewe. RootsIreland ina nguvu hasa hapa kwa sababu ya kuruhusu majina ya wazazi; faharasa ya serikali ni dhaifu hapa kwa vizazi vya karne ya 19, kwani jina la ukoo la mama lilianza kuonekana kwenye faharasa mapema karne ya 20 tu, na kabla ya hapo huna budi kufungua picha moja baada ya nyingine.

Desturi ya kuwapa watoto majina ya babu na nyanya inasaidia kupanga wanaofanana. Familia nyingi za Ireland zilimpa mwana wa kwanza jina la baba wa baba, na wa pili jina la baba wa mama. Msomaji Mkikuyu atatabasamu. Binti wa kwanza, hata hivyo, kwa kawaida alichukua jina la mama wa mama. Haikuwa sheria, na sitaitumia kuthibitisha chochote, ila unapokuwa na wagombea wawili wanaolingana, mpangilio wa majina ya watoto huegemeza mizani.

Kwamba majina yanayofanana ni hatari kuliko tahajia zinazotofautiana, hilo limethibitishwa na kisa cha Annie Moore, msichana wa Cork aliyekuwa wa kwanza kupokewa katika kituo cha wahamiaji cha Ellis Island tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa alihamia Texas na kufia huko. Mwaka 2006 watafiti wakaonyesha kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Marekani, na kwamba yule wa Cork hakuwahi kuondoka New York. Tahajia ililingana herufi kwa herufi. Kilichotofautiana ni mahali pa kuzaliwa, ambapo hakuna aliyekuwa amepaangalia. Niongeze hapa kwamba ile hadithi ya maafisa wa Ellis Island kuwabadilishia watu majina haina msingi. Walifuata orodha za abiria zilizoandikwa kabla meli hazijang'oa nanga.

Kama rekodi ya kuzaliwa haipo

Kuna waliozaliwa kabla ya 1864 katika parokia ambayo daftari lake limeanza baadaye, au limeungua. Kwao hakuna rekodi ya kuzaliwa, na uchaguzi unabaki kati ya vyanzo vinavyokaribia. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote mwaka 1922, zile za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe mapema, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miaka ya kabla ya 1922, zilizosalia nzima ni za 1901 na 1911, zote bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa. Ile ya 1911 ina safu ya pekee yenye faida kubwa: kila mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameishi katika ndoa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi walio hai wakati wa kuzaliwa, na wangapi wangali hai. Hiyo hukuonyesha kama kuna watoto ambao hujawapata.

Umri uliotajwa humo usiuamini sana. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, na watu waliokuwa na miaka 57 katika sensa ya 1901 wamekutwa na 71 mwaka 1911. Tafuta kizazi katika upana wa miaka mitano kila upande. Na kwa wale wa mwanzoni mwa karne ya 19, kitabu cha kodi ya ardhi cha Griffith, kilichoandaliwa kati ya 1847 na 1864, kinataja mkuu wa kaya kwa kila kitongoji. Hakikupi tarehe ya kuzaliwa wala jina la mke. Kinakupa tahajia iliyotumika mahali pale na majirani wa wakati ule, na kwa jina la tafsiri kama Smith hicho ndicho unachokihitaji.

Mwenye nia ya uraia awe na jambo moja akilini. Sheria humtazama babu au bibi aliyezaliwa kisiwani, kaskazini au kusini. Uzao wa mbali zaidi hauhesabiwi isipokuwa mzazi wa mwombaji alikwishaandikishwa kabla mwombaji hajazaliwa. Kwa hiyo rekodi zinazohitajika kwa kawaida ni za karne ya 20 au mwisho wa ile ya 19, na daftari la serikali linatosha. Picha ya mtandaoni si cheti. Cheti rasmi huombwa kwa msajili mkuu, na ombi ukilijaza kwa wilaya, mwaka, juzuu na ukurasa ulivyovisoma kwenye picha, karani hana haja ya kukisia tahajia. Jina litakuja kama lilivyo daftarini, Carney, hata kama pasipoti ya mjukuu inasema Kearney.